Duara la Baba, Chemchemi ya Mama

Mimi ndiye niliyewaambia wamwage majitaka ya loji kwenye duara la baba. Nalisema mapema ili usije ukahangaika kumtafuta mbaya wa habari hii. Wabaya wengine wapo, nitawataja kwa vyeo vyao na sina mpango wa kuwaonea huruma, lakini mdomo uliofunguka siku ile ulikuwa huu wangu.

Kwa asiyejua, duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. Baba alichimba la kwake kwenye bega la mlima wetu, mwendo wa pikipiki kutoka Runzewe, nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Aliuza ng'ombe wote aliohama nao kutoka Didia, upande wa Shinyanga. Alinunua matimba, yale magogo ya kuzuia kuta zisimwangukie, na kamba, na pampu chakavu iliyokuwa ikikohoa kuliko mwenyewe. Akashuka, akashuka, mpaka akawa anatuambia kwamba akiwa chini anaona mwanga wa juu mdogo kama sahani. Dhahabu aliiona, ya kumtia wazimu tu. Halafu maji yakamshinda.

Alipiga pampu siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza, chemchemi iliyoko mguuni mwa mlima, upande wetu wa mashariki, ilibadilika rangi. Siku ya pili ikawa nyekundu kama tofali bichi, na maji yake yakapungua hadi ukawa unachotea kikombe. Siku ya tatu mama alijaza ndoo ile tope, akajitwisha, akapanda nayo mlimani mimi nikimfuata nyuma. Akaitua mbele ya baba, mbele ya wachimbaji wenzake wote.

"Unachota maji yangu," akamwambia.

Baba aliitazama ile ndoo. Alikwenda akazima pampu, na kesho yake chemchemi ikaanza kung'aa. Kwenye duara lile baba hakurudi tena. Alikwenda kuwa kibarua wa karasha, kusaga mawe ya watu wengine, na vumbi la karasha ndilo lililomla kifua mpaka likammaliza. Sasa nielewe vizuri: nilikuwa nimesimama pale. Niliiona ndoo, nikalisikia neno la mama, nikaona pampu inazimwa. Asije mtu akanitetea kwamba sikujua.

Mama yangu na maji ni habari ndefu. Amezaliwa Didia, ambako kiangazi kikikaza wanawake walikuwa wanafukua mchanga wa mto mkavu, wanachuchumaa wanangoja maji yajikusanye, wanachota kwa kibuyu, tone kwa tone, huku ng'ombe wanalia kwa nyuma. Alikuwa na kaka yake aliyefanya kazi mgodi wa almasi wa Mwadui, na kaka huyo akija likizo alikuwa anawasimulia kwamba kule bomba liko ndani ya nyumba, unafungua tu. Mama hakumwamini. Siku aliyofika huku na kuona maji yanatoka kwenye mwamba yenyewe, hakuna aliyefukua, hakuna aliyengoja, anasema alicheka kwa sauti mpaka baba akaona aibu.

Tangu hapo akajifanya mlinzi wake. Hakuna aliyemteua. Sabuni marufuku, viatu marufuku, sufuria yenye masizi marufuku. Na kila mwaka mvua za masika zikishakwisha, wanawake wa kitongoji chetu walikuwa wanazoa chemchemi: wanatoa tope na majani, wanapanga mawe upya, wanangoja maji yasafike. Ya kwanza hayanywewi hivi hivi. Mama alikuwa anachota, anamwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotutangulia, anasema analotaka kusema, ndipo wengine wanakunywa. Wanaume hawaendi kwenye kazi hiyo. Siku hiyo wanakaa nyumbani au wanaitisha mikutano yao.

Mlima wetu ulipoishiwa dhahabu ulibaki mashimo matupu, kama ufizi wa mzee. Ndipo wanunuzi wakubwa wa dhahabu wa kule chini walipogundua kwamba juu kuna upepo. Wakanunua viwanja kileleni, wakajenga loji, moja, mbili, mwishowe zikawa kijiji kizima cha starehe. Kukawa na bwawa la kuogelea, bustani, nyama choma, vyumba vyenye vioo vya kutazamia bonde. Jumamosi magari yalikuwa yanapanda kwa foleni. Watu waliokaa wiki nzima kwenye vumbi la migodi walikuja kupunga upepo, na sisi wa mguuni mwa mlima tukapata vibarua: kupika, kufagia, kufua shuka. Sitadanganya, tulifurahi.

Maji ya kutumia hayakuwasumbua. Walichimba visima virefu, wakaweka pampu na matangi. Shida ilikuwa yale yaliyokwisha kutumika. Mtu anaoga, anafua, anavuta maji chooni, anaondoka zake na gari lake. Maji yake yanabaki na sisi. Kila loji ilikuwa na karo lake, shimo la majitaka, lakini mlima ule ni mwamba, karo halinywi kitu, linajaa tu. Gari la kunyonya majitaka likiitwa leo linakuja likijisikia. Mvua ikinyesha, makaro yalifurika na uchafu ukateremka barabarani, mbele ya shule. Watoto walikuwa wanauruka wakiwa wamebeba viatu mkononi. Tukapiga kelele, na wilaya ikamleta mhandisi.

Alikuwa binti mdogo, mabuti miguuni, ramani kwapani, mpole wa salamu. Alikaa kwetu wiki mbili akitembea mlima mzima. Alimkuta mama chemchemini, akapiga goti kabisa, "Shikamoo mama," akavua mabuti kabla ya kuambiwa. Mama alimpenda palepale. "Huyo kalelewa," akaniambia.

Mpango wake ulikuwa hivi. Bomba moja likusanye uchafu wa loji zote, literemke upande wa magharibi, limwagike kwenye mabwawa matatu yanayofuatana. Bwawa la kwanza linazamisha tope, la pili linapigwa na jua, la tatu lina matete, na maji yakitoka hapo hayamdhuru mtu. Alituchorea ubaoni, hata mimi nikaelewa. Shida ikawa moja tu: mahali. Sehemu pekee ya tambarare upande ule ilikuwa ngitili yetu, lile eneo la malisho tunalolifunga wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi kikifika.

Lo! Mkutano ulilipuka. Wazee waliokuwa hawajawahi kukubaliana hata juu ya saa ya mkutano siku hiyo walikuwa na sauti moja. Ng'ombe wetu wale majani ya mavi ya matajiri? Binti akaeleza uzio, akaeleza harufu, akaeleza kwamba angehitaji kipande tu. Wapi! Mtu anayetaja ngitili ya Msukuma na neno choo kwa pumzi moja ajue amejimaliza. Wakapanga mkutano wa pili, na mwenyekiti wa kijiji akachagua tarehe. Aliichagua siku ya kuzoa chemchemi. Sisemi alikusudia. Wanawake hawakuwa kwenye kichwa chake, basi.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya maji, kwa sababu nina kidato cha nne na mwandiko unaosomeka. Kwa hiyo siku hiyo mama alikwenda chemchemini na mimi nikaenda shuleni, kwenye darasa la mkutano, mwanamke peke yangu ukimtoa mhandisi, nimekaa mezani na daftari la mihtasari. Mwenye loji kubwa kuliko zote naye alikuja, na katoni za maji ya chupa, akagawa mwenyewe kwa mikono yake. Tulikunywa. Mkutano wa maji, kwenye kijiji chenye chemchemi, watu wanakunywa maji ya dukani na kushukuru!

Walibishana mpaka wakachoka. Binti alikuwa amebanwa kwenye kona, anarudia maneno yaleyale, na mimi nikajisikia hasira na watu wote, nikajisikia pia kwamba nina akili kuliko wote. Nikanyoosha mkono.

"Mlima huu umejaa mashimo," nikasema. "Tumechimba maisha yetu yote. Kwa nini tukachimbe tena ngitilini, na mashimo yapo? Duara la marehemu baba ni refu kuliko yote na liko chini kidogo tu ya loji. Bomba liishie pale. Lilikula ng'ombe wa baba, sasa lile na choo cha matajiri."

Darasa zima lilicheka. Walinipigia makofi, wazee wale, walionipita kila siku bila kunitazama. Na niseme ukweli wa moyo wangu: nilikuwa na chuki na shimo lile. Lilimchukua baba, lilichukua mifugo, lilinifanya nisome kwa viatu vya kuazima. Nilitaka litufae angalau kwa kitu kimoja. Na nilitaka makofi. Vyote viwili.

Hakuna pengine ambapo wazo lile lingekubalika upesi namna ile. Kwetu shimo ni jasho la mtu, na kuchimba jingine wakati la kwanza liko wazi linaonekana kama upumbavu. Mhandisi peke yake hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Katibu, duara hilo lilikuwa na maji?"

"Maduara yote yana maji," nikamjibu.

Hilo ndilo jibu langu. Sikudanganya, eti. Ndoo ya mama ilinipita kichwani, nyekundu, nikaisukuma pembeni. Binti akasema kabla ya kuunganisha bomba lolote lazima amwage rangi ndani ya duara, kisha chemchemi na visima vyote viangaliwe kwa msimu mzima wa mvua, maana chini kwa chini miamba ina nyufa. Mwenye loji akaguna. "Msimu mzima? Na wageni wangu wajizuie?" Darasa likacheka tena. Mwenyekiti akamwambia kwa upole ule wa kudharau, "Binti, sisi tumezaliwa kwenye mashimo. Hutufundishi mashimo."

Alikataa kuweka sahihi. Aliandika barua, nikaiona, kurasa nne. Barua ikaenda ilikokwenda, na yeye akahamishiwa kwingine. Bomba likalazwa kwa haraka ya ajabu, wenye loji wakatoa vifaa na vijana wetu wakatoa nguvu, na hakuna ofisi iliyouliza. Kwenye muhtasari niliandika, kwa mwandiko wangu unaosomeka: "Mjumbe mmoja alishauri litumike duara lililoachwa." Mjumbe mmoja! Siku ile nilijiambia ni unyenyekevu.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama anakausha miguu, amechoka, ana furaha. Chemchemi ilikuwa imezoleka vizuri.

"Mmeamua nini?"

"Ngitili imepona. Watatumia shimo."

"Shimo lipi?"

"Moja la huko juu, mayu," nikasema, nikainuka kuipua mboga. Ndivyo tunavyomwita mama kwetu, mayu. Nilimwita kwa upendo kabisa huku namficha.

Kiangazi kizima nilikuwa mtu mkubwa. Barabara ilikauka, watoto wakavaa viatu, ngitili ilikuwa salama, na wazee walinisalimia kwanza. "Katibu ana akili," walisema. Mama aliisikia sifa, hakuisikia sababu, maana maneno ya mikutano yao wanaume hawayapeleki kwa wanawake. Mvua zilipoanza kukolea, duara lilijaa maji kama lilivyokuwa likijaa wakati wa baba, na maji yakatafuta njia yake ya zamani.

Kilichotokea kwanza ni povu. Povu jeupe, jepesi, linazunguka kwenye kona ya mawe ya chemchemi. Mama alifura. Alidhani wasichana wanafulia juu ya chemchemi, akawavizia, akawafokea, akamnyang'anya mmoja ndoo na kukaa nayo siku mbili. Wasichana wakalia kwamba wanaonewa. Mimi niliinama nikanusa lile povu. Lilikuwa na harufu ya sabuni ya unga ya maua, ile ya kufulia shuka za loji, hakuna nyumba hata moja ya kwetu inayoitumia. Nikajua. Nikakaa juu ya jiwe kama mtu aliyepigwa.

Nilikaa na jambo lile siku kumi na mbili. Siku kumi na mbili, jamani! Ningeweza kupiga kelele asubuhi ileile, ningekimbia nyumba kwa nyumba. Lakini ningesema nini? Kila nilipofungua mdomo niliyasikia yale makofi. Nikajidai naanza na mama. "Mayu, chemsha maji siku hizi, mvua ni nyingi." Akanicheka. "Nichemshe maji ya mwamba? Wewe umesoma mpaka ukapitiliza." Nikamletea maji ya chupa kutoka senta, akayatumia kuoshea vyombo. Mimi mwenyewe nilikuwa nakunywa yale ya chupa, kwa kujificha, jikoni. Hilo nalo liandikwe.

Siku ya kumi na tatu mama alishindwa kuinuka. Alikuwa anaharisha maji matupu, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Kufikia jioni zahanati yetu ilikuwa imejaa watu wa kitongoji chetu, kitanda kimoja watu wawili, chupa za dripu zimening'inizwa kwenye misumari ya dirisha. Jirani yetu mmoja, mwanamke aliyekuwa akimshika mama mkono kila mwaka wakishuka kuzoa chemchemi, hakurudi nyumbani. Tulimzika.

Watu wa afya walikuja, wakachota maji kwenye chupa, wakaondoka. Wakarudi na chokaa na rangi nyekundu. Waliandika kwenye mawe aliyoyapanga mama kwa mikono yake kwamba maji yale hayafai kunywa. Mwenye loji naye akaja zahanati na katoni zake. Alileta na mpigapicha. Aliponikabidhi katoni aliniinamia sikioni: "Katibu, mimi na wewe tulikuwa kwenye mkutano ule." Akatabasamu, picha ikapigwa. Nilitamani kumtemea mate. Nilishika katoni nikasema asante.

Mama alipopata nafuu ya kusema, hakuuliza habari za mwili wake.

"Chemchemi imefanywa nini?"

Nikamweleza kwamba ni majitaka ya loji, yamepitia kwenye shimo walilounganishia bomba.

"Ni duara la baba yenu," akasema. "Hakuna jingine. Ni lile tu lililowahi kuyagusa maji yangu." Akanitazama. "Nani aliwaonyesha? Watu wa loji ni wageni, hawalijui. Nani aliwaambia?"

Alikuwa ananiuliza mimi kama katibu, kama mwanawe, kama mtu pekee anayeweza kumwambia. Mkono wake ulikuwa kwenye mkono wangu. Mungu wangu, ningesema pale. Alikuwa mgonjwa, angelia, angenitukana, mambo yangekwisha.

"Wataalamu wa wilayani," nikasema. "Yule mhandisi."

Yule binti! Yule aliyevua mabuti, aliyekataa sahihi, aliyetuachia kurasa nne za kutuokoa. Mama alishtuka, akatikisa kichwa taratibu. Nilimwona anaukata urafiki ule palepale kitandani. Kisha akasema neno, polepole, kwa Kisukuma kwanza na halafu kwa Kiswahili, ili hata muuguzi asikie.

"Aliyewaonyesha duara la mume wangu, maji yamkatae."

Kwetu mtu akisema hivyo waliokaa naye huitikia, la sivyo wanaonekana wanamtetea mwovu. Muuguzi aliitikia. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaitikia. Mama akanigeukia akaningoja.

"Yamkatae," nikaitikia.

Bomba lile linamwaga mpaka leo. Wanasema mpango mpya uko mbioni, na mabwawa yamerudi kwenye mazungumzo, ngitili ileile. Loji zimejaa kila Jumamosi. Ukatibu niliuacha, nikamchukua mama tukahamia Shinyanga mjini, chumba na sebule, bomba uani. Unafungua tu, kama alivyosimulia kaka yake wa Mwadui. Mama anayaita maji ya kopo. Anasema hayana kwao. Mara mbili nimeanza kumwambia, na mara mbili nimeishia kumuuliza kama ana njaa. Habari za yule binti sikuzitafuta, naogopa kuzipata.

Tangu augue, mikono ya mama inatetemeka, hawezi kushika kikombe peke yake. Kwa hiyo kila akitaka kunywa namshikia mimi. Ananizuia kwanza. Anakiinamisha kikombe, anamwaga kidogo kwenye sakafu ya saruji kama alivyokuwa akimwaga kule chemchemini, na anasema lile neno lake, maji yamkatae, kila siku, kila kikombe. Anangoja niitikie. Naitikia. Ndipo anakunywa, anapumua, anapangusa midomo kwa kanga, na ananishukuru kwa lugha yetu.

"Wabeja, mwanangu," anasema. "Wabeja sana."